Paka Hashibi kwa Wali



Wazee wa pwani wana methali isemayo paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya. Kwa kawaida tunaitoa tunapomzungumzia mtu ambaye asili yake haimwachi hata alelewe vipi. Leo naomba tuirudishe kwa paka mwenyewe, kwa sababu ukiyapima yale ambayo maabara zimeyabaini juu ya mwili wake katika nusu karne iliyopita, unaona kwamba waliotunga methali hii walikuwa wamemtazama mnyama huyu vizuri. Wali unamjaza paka tumbo na kumnyamazisha kwa saa chache, lakini haumlishi. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za kwetu sahani ya paka ni ile ile: ugali au wali uliolala, umemwagiwa mchuzi kidogo, na siku ya bahati kuna kichwa cha samaki juu yake. Hoja nitakayoitetea ni kwamba makombo yale yalimtosha paka wa zamani kwa kuwa yeye mwenyewe aliyakamilisha kwa kuwinda usiku. Paka wa leo, aliyefungiwa katika ghorofa au ua wenye ukuta, hana pa kukamilishia. Anayemfuga hivyo amechukua juu yake wajibu wa kumpa kile ambacho angekipata ndani ya panya.

Tuanze na asili yake. Mwaka 2007 Carlos Driscoll na wenzake walichapisha uchunguzi wa vinasaba uliowalinganisha paka-mwitu na paka wa kufugwa kutoka sehemu nyingi za dunia. Walionyesha kwamba paka wote wa nyumbani wametokana na aina moja ya paka-mwitu, anayeitwa kitaalamu Felis silvestris lybica, aliyeenea Afrika na Mashariki ya Karibu. Ndugu zake bado wanaishi kwenye nyika za Tanzania na Kenya. Miaka mitatu kabla ya hapo, Jean-Denis Vigne na wenzake walikuwa wameeleza kaburi lililofukuliwa katika kisiwa cha Saiprasi, la miaka 9,500 hivi iliyopita, ambamo paka alizikwa kando ya mtu. Urafiki huu ulianza pale watu walipoanza kulima na kuweka akiba: nafaka ikavuta panya, panya wakamvuta paka. Zingatieni kwamba nafaka yenyewe haikumvuta. Ameishi kando ya ghala kwa miaka elfu tisa na zaidi, akimla mwizi wa nafaka na kuiacha nafaka. Mbwa alikwenda njia nyingine. Mwaka 2013 wataalamu wa Sweden walionyesha kwamba mbwa ana nakala nyingi zaidi za jeni ya kumeng'enya wanga kuliko mbwa-mwitu, maana yake ni kwamba kuishi na wakulima kulimbadilisha tumbo. Ndiyo maana mbwa anaweza kuendelea vizuri kwa ugali wenye nyama ndani yake, na ndiyo maana ni kosa kumlisha paka kwa mfano wa mbwa.

Tofauti kubwa imo kwenye ini. Mtu, mbwa au panya akipungukiwa na protini katika chakula, ini lake hupunguza kasi ya kuivunja. Hubana matumizi mpaka hali itengemae. Katika miaka ya 1970 Quinton Rogers na James Morris wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba ini la paka halina uwezo mkubwa wa kubana hivyo. Vimeng'enya vyake vinavyovunja protini hufanya kazi kwa kasi ya juu siku zote, kama inavyompasa mnyama ambaye kila mlo wake ni nyama. Protini isipoletwa na chakula, hutolewa kwenye misuli. Mwaka 1978 walikwenda mbali zaidi: waliwapa paka mlo mmoja tu usio na arginini, mojawapo ya vijenzi vya protini, na ndani ya saa chache amonia ikapanda katika damu yao, wakaanza kutapika na kudhoofika. Ni wanyama wachache wanaoweza kuumizwa na upungufu kwa haraka namna hiyo. Sasa wekeni takwimu hizi pamoja. Viwango vinavyotumika Marekani kwa chakula cha paka mzima vinataka protini isiyopungua asilimia 26 ya chakula kikavu, na kwa kitoto asilimia 30. Kwa mbwa mzima ni 18. Unga wa mahindi una protini ya asilimia 8 au 9, mchele una asilimia 7 hivi. Panya, ukiondoa maji yaliyomo mwilini mwake, zaidi ya nusu ya kilichobaki ni protini. Paka anayepewa ugali kwa mchuzi analala ameshiba huku anakula misuli yake mwenyewe, na kwa kuwa kukonda kwake ni kwa polepole, tunasema ndivyo alivyoumbwa.

Kisha kuna vitu vidogo ambavyo paka hawezi kujitengenezea. Kinachojulikana zaidi ni taurini, na historia yake inafaa kusimuliwa kwa sababu hata viwanda vikubwa vilipotea hapo. Mwaka 1975 K. C. Hayes na wenzake, nchini Marekani, waliripoti kwamba paka waliolishwa protini ya maziwa isiyo na taurini waliharibika retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na hatimaye kupofuka. Miaka 12 baadaye, mwaka 1987, Paul Pion na wenzake wa Davis waligundua kwamba paka waliokuwa wakila vyakula vya dukani, vyakula vilivyouzwa kama mlo kamili, walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa moyo uliotanuka na kulegea, na sababu ilikuwa ni taurini isiyotosha. Walipoongezewa, mioyo ya wengi ilirudi kupiga sawasawa. Watengenezaji wakaongeza taurini, na ugonjwa ule ukawa nadra. Taurini imo katika nyama na samaki, hasa katika moyo na minofu myeusi. Katika mahindi, mchele, maharage na viazi haimo. Vivyo hivyo paka hawezi kugeuza rangi ya manjano ya karoti au mchicha kuwa vitamini A kama tufanyavyo sisi. Lazima aipate ikiwa tayari, kutoka kwa mnyama. Mambo yote haya yana maana moja: mababu zake hawakukosa nyama kwa muda mrefu kiasi cha mwili wao kuhitaji njia nyingine.

Mtu anaweza kusema, basi mbona paka mwenyewe anaomba mkate, anaramba uji, analilia maziwa? Kuomba kwake kuna maelezo. Mwaka 2005 watafiti wa kituo cha Monell, mjini Philadelphia, walionyesha kwamba jeni ya kipokezi cha utamu ya paka imevunjika na haifanyi kazi. Sukari haimwambii kitu. Anachofuata kwenye mkate ni siagi, na kwenye uji ni maziwa. Paka waliopewa nafasi ya kuchagua wenyewe, katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2011, walijipangia mlo ambao zaidi ya nusu ya nguvu yake ilitokana na protini, na wanga ukachukua sehemu ya nane hivi tu. Mwaka huohuo watafiti wengine walikokotoa chakula cha paka wanaojitafutia porini, wakapata protini asilimia 52, mafuta 46 na wanga 2. Ama maziwa, kitoto cha paka humeng'enya sukari yake vizuri, lakini anapokua kimeng'enya kile hupungua, na kinachofuata kwa wengi ni tumbo la kuhara. Maji safi yanamfaa zaidi.

Pingamizi zito kuliko yote ni la uzoefu. Watu watauliza: mbona paka wetu wamekula wali na dagaa vizazi na vizazi, na Lamu, Mombasa na Unguja zimejaa paka? Naliheshimu swali hili, lakini linahesabu walio hai peke yao. Paka jike hubeba mimba kwa siku 63 hadi 65 na anaweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, kwa hiyo mtaa unaweza kujaa paka hata kama vitoto vingi vinakufa kabla ya kufikisha miezi michache. Wingi si ushahidi wa afya. La pili, hao wa mitaa ya kale hawaishi kwa wali. Wanakwenda kwenye diko wavuvi wanapopasua samaki, wanakamata mijusi, panze, ndege na panya, na sahani ya nyumbani ni nyongeza tu. Ukimtoa paka huyohuyo ukamfungia kwenye nyumba ya vyumba viwili Kariakoo au Eastleigh, ukaendelea kumpa ile nyongeza kama ndiyo mlo, umemwondolea chakula chake chote na kumwachia kisindikizo. Mji umebadilika, na sahani ya paka haikubadilika nao.

Pingamizi la pili huletwa na wenye maduka na maghala: paka akishibishwa hawindi. Hapa lazima tuseme ukweli wote. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, waliripoti kwamba paka waliopewa chakula chenye nyama nyingi walipunguza mawindo waliyoleta nyumbani kwa asilimia 36. Kwa hiyo wenye pingamizi hawakosei kabisa, kuna upungufu. Lakini tazameni theluthi mbili zinazobaki: paka aliyelishwa vizuri bado anawinda. Robert Adamec alionyesha mwaka 1976 kwamba paka huacha chakula akipendacho, akaenda kumuua panya, kisha akarudi kula. Kuua na njaa ni mambo mawili katika ubongo wake. Na ushahidi unaomhusu mwenye ghala moja kwa moja ni wa Charles Elton, mwanaikolojia wa Oxford, ambaye mwaka 1953 alichapisha uchunguzi wake wa mashamba ya Uingereza. Aliona kwamba paka waliweza kuzuia panya wasirudi kwenye majengo yaliyokwisha kusafishwa, mradi paka hao walishwe palepale ili wasihame kutafuta riziki mbali. Mwenye duka anayemlaza paka na njaa anajiandalia siku ambayo paka atahamia kwa muuza chipsi.

Sasa tuje sokoni na jikoni, maana ushauri usiopikika hauna faida. Kipimo kiwe panya mzima: nyama, mafuta, mifupa laini, moyo, ini dogo, na maji karibu asilimia 70 ya uzito. Paka wa kilo 4 anahitaji kilokalori 200 hadi 250 kwa siku, na panya mdogo ana kama 30, kwa hiyo mawindo yake ya siku yangekuwa saba au nane, aliyoyala kwa nyakati tofauti. Katika soko letu kinachomkaribia panya ni dagaa, kwa sababu huliwa mzima: kichwa, mfupa na tumbo. Wa Ziwa Victoria na Kigoma kwa kawaida hukaushwa kwa jua bila chumvi. Wa Zanzibar huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, hivyo waloweke, mwaga maji hayo, kisha uwapike. Kupika ni muhimu, kwani samaki wengi wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka aliyekipata kwa wingi huanza kuyumba shingo na kupata degedege. Moto hukiondoa. Changanya na moyo wa ng'ombe au wa kuku, firigisi, na nyama yenye mafuta kidogo. Gramu 150 hadi 200 za mchanganyiko uliopikwa, kutegemea mafuta yake, zinamtosha paka mzima kwa siku, zigawanywe mara mbili au tatu. Tena usimwage maji uliyochemshia nyama: watafiti wa Davis walionyesha mwaka 2003 kwamba taurini huhamia ndani yake. Mpe na mchuzi wake, ukiwa haujatiwa kitu.

Nimesema haujatiwa kitu kwa makusudi. Mapishi yetu ni ya vitunguu maji na vitunguu saumu, na vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Mchuzi wa pilau unaomwagiwa paka kwa upendo ni sumu ndogondogo ya kila siku. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kwa ncha kali na hutoboa utumbo. Kuna pia makosa ya watu wanaompenda paka kwa kitu kimoja tu. Anayempa steki tupu, bila mfupa wowote, anampunguzia kalsiamu, na kitoto kilicholelewa hivyo huvunjika miguu kwa kuruka kutoka kitini. Anayempa maini kila siku anamzidishia vitamini A hadi pingili za shingo zinashikana. Maini yawe kipande kidogo mara moja kwa wiki. Anayempa jodari peke yake mwezi hadi mwezi anamwingiza kwenye uvimbe wenye maumivu wa mafuta ya chini ya ngozi, kwa kukosa vitamini E. Mchanganyiko wa samaki na nyama za ndani unapunguza hatari hizi zote, ingawa sidai kwamba sufuria ya nyumbani inafikia ukamilifu wa panya. Na kwa kuwa tumetaja sumu: tembe moja ya paracetamol inaweza kumuua paka. Asitiliwe dawa ya binadamu katika chakula kwa hali yoyote.

Pingamizi la tatu linanigusa zaidi, nalo ni la haki: watoto wa watu wanalala njaa, na sisi tunapanga karamu ya paka. Silijibu kwa kusema paka ale takataka, kwa sababu vichwa vya samaki, utumbo na miguu ya kuku ni kitoweo cha familia nyingi. Jibu langu ni kwamba kumfuga paka ni hiari. Asiyeweza kumlisha hana dhambi ya kutomfuga, lakini aliyemfungia ndani amekwisha kuchukua dhamana. Waislamu wanajua hadithi ya Mtume juu ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Hadithi ile inataja njia mbili halali, kumlisha au kumwachia uhuru, na inaikataa ya tatu, ambayo ndiyo tunayoifanya mijini. Kwa hiyo familia yenye uwezo wa kumlisha paka mmoja isifuge watano. Kumhasi jike kwa daktari wa mifugo ni sehemu ya kulisha, kwani anayenyonyesha anaweza kuhitaji chakula mara mbili au tatu ya kawaida, na vitoto vyake vitagawana sahani ileile.

Wenye uwezo watasema mjadala huu hauwahusu, wananunua chakula cha paka dukani. Kweli, chakula kizuri cha kiwandani leo kina taurini na vitamini zinazohitajika, na kwa mtu asiye na nafasi ya kupika ni njia salama. Lakini kisomwe lebo: vingine ni vitafunio, si mlo kamili, na chakula cha mbwa hakifai kuwa mbadala hata kikiwa ghali. Kile kikavu kina maji asilimia 10 hivi tu. Paka ni mzawa wa nchi kavu, mwenye kiu hafifu, aliyezoea kuyapata maji ndani ya windo. Akila punje kavu maisha yake yote bila maji ya kutosha, mkojo unakuwa mzito, na dume anaweza kuziba njia yake, jambo linaloua kwa siku moja au mbili. Loweka punje, au changanya na chakula cha majimaji, na weka bakuli za maji zaidi ya moja. Wala usiache bakuli la chakula limejaa kutwa, kwani paka wa ndani asiyetembea hunenepa upesi, na unene humletea kisukari. Hata hivyo usimpunguze kwa kumnyima ghafla, wala usimshindishe na njaa ili azoee chakula kipya. Paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta hufurika ini lake na anaweza kufa. Chakula kipya kiingizwe kidogokidogo kwa wiki nzima.

Nyama mbichi nayo ina watetezi wake, wanaosema ndivyo panya alivyo. Nyama ya buchani si ya panya aliyeuawa dakika ile. Imepita mikononi mwa watu na juani, na inaweza kubeba vimelea vya toksoplazma, ambavyo paka huvitoa kwenye kinyesi na ni hatari kwa mimba. Paka anayekula vilivyopikwa na asiyewinda ni salama zaidi kwa mama mjamzito, na hilo peke yake lingetosha kuhalalisha gharama ya mkaa.

Namalizia kwa ombi. Vitivo vya tiba ya mifugo vya Sokoine pale Morogoro, vya Nairobi pale Kabete na vya Makerere vina wataalamu wanaoyajua haya yote kuliko mimi. Naviomba vitoe kijitabu cha kurasa chache, kwa Kiswahili, chenye vipimo vya dagaa, firigisi, moyo na vichwa vya samaki kama vinavyouzwa katika masoko yetu, ili mfugaji asilazimike kuchagua kati ya mfuko ulioagizwa kutoka nje na sufuria ya makombo. Nanyi mliokuja kunisikiliza, mwenye paka dume nyumbani anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo, asingoje kijitabu: ampeleke kwa daktari leo hii.